Kweli au Si Kweli? Yanayosemwa Kuhusu Michoro ya Stika za Kukatwa

Shuka na Barabara ya Jogoo jijini Nairobi kutoka City Stadium hadi Donholm, kisha ukate kuelekea Umoja, Kayole au Dandora, nawe utakuwa unasoma njia nzima. Jina la sako ubavuni mwa matatu. Nambari ya njia kwenye kioo cha mbele. Bei ya kunyoa mlangoni pa kinyozi, saa za ibada kwenye lango la kanisa, nambari ya kulipia kwa M-Pesa kwenye dirisha la duka. Mengi ya maandishi hayo hayakupakwa kwa brashi wala hayakupigwa chapa. Yamekatwa kwenye vinili, ile plastiki nyembamba yenye gundi mgongoni, kwa mashine ambayo mafundi huiita plota.

Plota hufanya jambo moja tu: inaburuta kisu kidogo kufuata mstari iliopewa na kompyuta. Haijui nembo, haijui herufi, haijui rangi. Kwa hiyo stika nyingi zinazoharibika huwa zimeharibika kabla mashine haijawashwa, ndani ya faili lenyewe. Katika karakana na maduka ya mitaa hiyo ya Eastlands kuna imani kadhaa kuhusu faili hilo ambazo zimewagharimu mafundi vinili na zimewagharimu wateja pesa. Tuzipime moja baada ya nyingine.

1. “Picha niliyotuma kwa WhatsApp inatosha. Mashine itaikata ilivyo.”

SI KWELI. Picha ya simu ni mkusanyiko wa pikseli, yaani vijiraba vidogo vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu. Jicho la binadamu linaona nembo. Plota haioni chochote cha kufuata, kwa sababu hakuna mstari humo.

Mchoro unaokatika ni wa vekta. Umehifadhiwa kama hesabu: nukta hapa, nukta pale, na mkunjo unaoziunganisha. Hesabu ya mikunjo hiyo ilizaliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën aliishughulikia tangu mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault akaieneza katika miaka ya 1960. Wote wawili walikuwa wakitafuta namna ya kuieleza mashine umbo la bodi ya gari. Leo hesabu hiyohiyo ndiyo inayochora jina linalobandikwa kwenye bodi ya matatu.

Wengine huichukua picha ya JPG, wakaiweka ndani ya PDF, wakaamini imekuwa vekta. Haijawa. Ni picha ileile ndani ya bahasha nyingine. Kipimo ni rahisi: itazame kazi yako ukionyesha mistari pekee. Katika Illustrator bonyeza Ctrl na Y. Katika CorelDRAW na Inkscape, badilisha namna ya kutazama hadi rangi zote ziondoke. Ukiona kisanduku kitupu au picha ileile ikiwa kijivu, huna cha kukata. Mteja mwenye nembo amwombe aliyemchorea faili la asili, liwe SVG, EPS, AI, CDR au PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea.

2. “Bonyeza trace, kazi imekwisha.”

NUSU KWELI. Programu zote kubwa zina uwezo wa kuifuatisha picha na kuigeuza mistari. CorelDRAW ina PowerTRACE, Illustrator ina Image Trace, na Inkscape inatumia Potrace, programu aliyoitunga mwanahisabati Peter Selinger. Ukiipa picha kubwa, safi, yenye rangi mbili tu, matokeo huwa mazuri.

Tatizo ni kwamba wateja hawaleti picha kama hizo. Wanaleta nembo iliyopigwa picha kwenye fulana, au iliyopita katika simu nne kabla ya kufika dukani. Programu hufuatisha kila doa. Mduara ambao ungetosheka na nukta nne hutoka na nukta kadhaa wa kadhaa, na kingo zake zinachezacheza. Kisu cha plota ya kawaida huburutwa na kugeuka chenyewe kila mstari unapobadili mwelekeo. Kila nukta isiyohitajika ni nafasi ya kisu kusitasita, na matokeo yake ni ukingo wenye meno ambayo mteja atayaona akisimama mita mbili tu kutoka kwenye gari.

Baada ya kufuatisha, safisha. Punguza nukta: katika Inkscape bonyeza Ctrl na L, kidogo kidogo, huku ukikagua kwamba umbo halijapinda. Mduara ufute uchore mpya. Mistari iliyonyooka inyooshe. Maandishi usiyafuatishe kabisa. Tafuta fonti yake au ya karibu nayo, uandike upya. Nembo rahisi ikichorwa upya kwa mkono wa fundi anayejua kalamu ya Bézier, kazi huisha upesi kuliko kusafisha uchafu wa ufuatishaji mbaya.

3. “Herufi zikionekana vizuri kwangu, zitakuwa vizuri kwenye kompyuta ya plota.”

SI KWELI. Maandishi yanategemea fonti iliyo ndani ya kompyuta. Ukibeba faili kwenye fleshi kutoka Buruburu hadi kwa mwenye plota Kariobangi, na kompyuta yake haina fonti hiyo, herufi zitabadilishwa na nyingine bila hodi. Zigeuze ziwe maumbo kabla hujatoka nyumbani: Ctrl na Q katika CorelDRAW, Ctrl na Shift na O katika Illustrator, Ctrl na Shift na C katika Inkscape. Lakini hifadhi nakala nyingine yenye maandishi yanayoharirika, kwa kuwa nambari ya simu ya mteja inaweza kubadilika wiki ijayo.

4. “Mstari niliouchora wa unene wa milimita 5 utakatwa ukiwa na unene huo.”

SI KWELI. Unene wa mstari ni pambo la kioo cha kompyuta. Plota hufuata uti wa mstari, katikati kabisa, mara moja. Badala ya utepe wa milimita 5 utapata mpasuko tu. Ndiyo sababu mtu huchora fremu nzuri kuzunguka jina la saluni, kisha akabandua vinili na kukuta fremu haipo. Ugeuze mstari huo uwe umbo lenye kingo mbili: Ctrl na Shift na Q katika CorelDRAW, Ctrl na Alt na C katika Inkscape. Kisha rudi kwenye mwonekano wa mistari pekee uhakikishe unaona mistari miwili pale ulipokuwa unaona mmoja.

5. “Umbo lililofichwa nyuma ya jingine halikatwi.”

SI KWELI, na kosa hili ndilo linaloharibu majina mengi ya matatu. Nganya, yaani matatu zilizopambwa sana, hupenda mwandiko wa kuunganisha, ambapo mkia wa herufi moja unaingia ndani ya herufi inayofuata. Kwenye kioo, jina zima ni jeusi na limeungana. Kwa plota, kila herufi ni umbo lake, na kisu kitapita pia pale herufi zinapopishana. Ukibandua, jina linatoka vipande vipande, na kila kiungo kina kidonda.

Dawa ni kuunganisha maumbo yawe umbo moja: amri ya Weld katika CorelDRAW, Unite katika Illustrator, Union katika Inkscape. Fanya hivyo baada ya kugeuza herufi ziwe maumbo, kisha ukague kwamba matundu ya ndani ya herufi kama O, A na B bado yako.

Kuna mpaka wa kuheshimu hapa. Unganisha vitu vya rangi moja pekee. Jina jeupe likikaa juu ya kivuli chekundu, hizo ni kazi mbili za vinili mbili tofauti. Kivuli kiingie chini ya jina kwa milimita moja au mbili. Ukizikata zikutane ukingo kwa ukingo, kuteleza kidogo wakati wa kubandika kutaacha ufa, na rangi ya bodi itachungulia katikati.

6. “Rangi nilizochagua kwenye kompyuta ndizo zitakazotoka.”

SI KWELI kwa stika ya kukatwa pekee. Rangi inatoka kwenye roli uliyonunua. Usipoteze muda kutafuta wekundu wa klabu yako kwenye kioo. Nenda dukani ukachague vinili yenyewe mchana, nje, kwenye mwanga wa jua. Ndani ya faili, zitumie rangi kupanga kazi: kila rangi iwe na tabaka lake, likatwe peke yake, na liwe na alama ndogo za kulinganishia ambazo zinafanana kwenye tabaka zote.

Mambo hubadilika kwa mashine zinazochapa kwanza kisha zikakata kuzunguka picha. Hapo rangi za uchapishaji zina uzito, na mstari wa kukatia lazima utofautishwe na mistari ya picha. Katika programu ya VersaWorks ya mashine za Roland, mstari huo hupewa rangi maalumu yenye jina CutContour. Jina likikosewa hata herufi moja, mashine itauchapa mstari badala ya kuukata. Muulize mwenye mashine jina analotumia kabla hujampelekea faili.

7. “Stika ya kioo lazima iandikwe kinyume.”

NUSU KWELI. Inategemea upande inakobandikwa. Stika inayowekwa ndani ya kioo ili isomwe na aliye nje lazima igeuzwe. Inayobandikwa nje ya kioo haigeuzwi. Kosa hutokea mteja anaposema tu “ya kioo cha nyuma” na fundi asiulize. Uliza, uandike jibu kwenye oda.

Kazi ya ndani ya kioo yenye rangi zaidi ya moja hugeuza mpangilio pia: rangi iliyokuwa juu kabisa ndiyo inayobandikwa kwanza. Vinili ya kupiga kwa joto kwenye fulana nayo hugeuzwa, kwa sababu hukatwa upande wake wa nyuma.

8. “Ukubwa tutarekebisha palepale kwenye mashine.”

SI KWELI. Ukubwa unaamuliwa kwa tepu ya kupimia, ukiwa umesimama kando ya gari au mbele ya duka. Ubavu wa matatu una mpira wa dirisha, mshikio wa mlango, ribiti, mfuniko wa tangi na mikunjo ya bati. Pima kila kimoja, ukipige picha ukiwa umesimama kukielekea moja kwa moja, kisha uviweke kwenye mchoro wako kama vizuizi. Chora kwa milimita, kwa ukubwa halisi. Kazi ndefu mno ichorwe kwa kipimo cha moja kwa kumi, na kipimo hicho kiandikwe kwenye jina la faili.

Mafaili ya SVG yana mtego wake. Illustrator huhesabu pikseli 72 kwa inchi, Inkscape ya sasa huhesabu 96, na Inkscape za kabla ya toleo 0.92 la mwaka 2017 zilihesabu 90. Faili likihama kutoka 72 kwenda 96, bango la mita 1 linaweza kufunguka likiwa na sentimita 75, bila onyo lolote. Weka ndani ya kila faili mraba wa sentimita 10 kwa 10. Likifunguliwa kwingine, upime mraba huo kwanza.

Kumbuka pia upana wa roli. Vinili nyingi za kukata huuzwa kwa upana wa sentimita 61 au 122, na plota huhitaji ukingo pande zote mbili kwa ajili ya magurudumu yanayoishikilia. Herufi ya sentimita 61 haikatiki kwenye roli ya sentimita 61. Kazi pana igawe wewe mwenyewe, ukichagua mahali pa kukatia pasipokatisha uso wa herufi. Mgawanyo huo unasaidia pia stima ikipotea: plota ikizimika katikati ya mkato mrefu, huwa vigumu kuirudisha palepale ilipoachia, na kipande kilichoharibika kikiwa kifupi hasara inakuwa ndogo.

Na herufi zenyewe ziwe na ukubwa gani? Waandishi wa mabango hutumia kanuni ya sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali. Abiria anayetakiwa kusoma nambari ya njia akiwa mita 30 kutoka kwenye gari anahitaji tarakimu za sentimita 25.

9. “Vitu vidogo sana havikatiki.”

KWELI. Vinili ya kukata ina unene wa takriban mikroni 50 hadi 80, na kinachoishikilia mahali pake wakati kisu kinapita ni gundi ya mgongoni tu. Sehemu nyembamba kuliko milimita moja huinuka, hujikunja, au huondoka na mabaki unapobandua. Herufi za chini ya sentimita moja huhangaisha plota ya kawaida, hasa zenye ncha nyembamba. Hata ukifaulu kuzikata, fikiria maisha yake: matatu ya Eastlands huoshwa kwa maji ya shinikizo mara kwa mara, na vumbi huingia chini ya kila ncha iliyoinuka.

Katika faili, chagua fonti yenye mwili, viringisha kidogo ncha kali, ongeza nafasi kati ya herufi, na ufute mapambo yasiyoonekana kwa mbali. Maneno madogo yasiyoepukika, kama maelezo ya duka la dawa, yachapishwe badala ya kukatwa. Kisha fanya jaribio: kata mraba mdogo wenye mduara ndani yake. Kisu kimekaa vizuri ikiwa vinili imekatika na karatasi ya chini imekwaruzwa tu. Kikiingia hadi kwenye karatasi, punguza urefu wa ncha au nguvu. Kisu cha nyuzi 45 kinatosha kwa vinili ya kawaida. Cha nyuzi 60 ni cha vitu vinene.

10. “Bila programu ya bei ghali huwezi kuifanya kazi hii.”

SI KWELI. Inkscape imekuwapo tangu mwaka 2003, ni ya bure, na inafanya kila kitu kilichotajwa hapa: kugeuza herufi, kuunganisha maumbo, kugeuza mstari uwe umbo, kupunguza nukta, na hata kutuma kazi kwa plota zinazoelewa lugha ya HPGL iliyoanzishwa na Hewlett-Packard. Faili lake la kawaida ni SVG, kiwango cha wazi kilichoidhinishwa na shirika la W3C mwaka 2001, na programu nyingine kubwa hulisoma.

Kijana wa Jericho au Mathare Kaskazini anayetaka kuanza hahitaji nakala ya CorelDRAW iliyovunjwa kufuli, ambayo mara nyingi huja na virusi ndani yake. Anahitaji kompyuta ya kawaida, muda, na mwenye plota mmoja atakayemkatia kwa mita. Mashine yenyewe inaweza kusubiri.

11. “Plota imeua sanaa ya mkono.”

SI KWELI, na hapa nina la kusema kwa nguvu. Kilichowahi kuwanyima wachoraji wa matatu kazi kilikuwa agizo la serikali. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwezi wa Februari 2004, magari yalitakiwa kuwa na mstari wa manjano, na michoro iliyokuwa fahari ya mitaa ikafutwa. Mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliondoa zuio la michoro, na rangi zikarudi barabarani. Zilirudi na plota kando yake, na kazi ya mkono ikaendelea.

Tazama nganya iliyofanywa vizuri. Uso wa mwanamuziki umepuliziwa rangi na mchoraji. Jina lililo chini yake limekatwa. Mara nyingi vinili hutumika kama kizuizi: hukatwa, hubandikwa, rangi hupuliziwa juu, kisha hubanduliwa na kuacha ukingo mkali ambao si rahisi kuupata kwa mkono mtupu. Na majina yanayokumbukwa na watu hayakutoka kwenye orodha ya fonti. Yalianza kwa penseli kwenye karatasi, yakapigwa picha, yakachorwa upya nukta kwa nukta kwenye kompyuta. Anayejua umbo la herufi kwa mkono ndiye anayetengeneza faili bora, kwa sababu anajua mkunjo unapaswa kuanzia wapi na kuishia wapi.

Kwa hiyo, fundi, ukiwa na saa tano za kazi, tumia tatu kwenye faili. Na wewe mteja, mwenye gari au mwenye duka, usimharakishe anayechora, na usikatae kulipia uchoraji kana kwamba unalipia vinili peke yake. Kabla kisu hakijashuka, mwambie akuonyeshe mistari pekee, bila rangi. Soma kila herufi, linganisha nambari ya simu na iliyo kwenye simu yako, hakikisha vipimo ni vya gari lako. Kisha lipia, na uombe nakala ya faili la vekta uihifadhi, ili stika ikichakaa usilipie kuchorewa upya nembo uliyokwisha kuilipia.